Ala Zisizokuwepo

Umeme ulikatika Jumanne, saa moja na robo usiku,
cherehani imeuma pindo la sare ya mtoto wa watu,
sindano ikabaki juu,
imekunja mguu kama kuku anayefikiri.
Mtaa mzima wa Oli ukasema "Aaah!"
sauti moja, bila mwalimu wa kwaya.

Letasi, miaka tisa, penseli nyuma ya sikio
kama seremala anayedaiwa mlango, akasema:
hiyo "aaah" ingekuwa na mpini ningeishika.

Ndivyo mchezo ulivyoanza.
Sheria alitunga yeye, hakuuliza mtu:
ala isiwe imewahi kuwepo,
iwe na jina,
iwe na kitu inachokataa.
Adungu ya marehemu babu, pale ukutani,
nyuzi saba zimebaki kati ya tisa,
hairuhusiwi. Hiyo imeshazaliwa, alisema.

Edema, ambaye sauti yake siku hizi
inavunjika kama biskuti mfukoni,
akachora nyuma ya risiti ya posho
filimbi ndefu kutoka kwetu mpaka Koboko:
unapuliza leo, inalia kesho kutwa,
na aliyeko Koboko hajui nani kamwita.
Jina, Kesholia. Inakataa haraka.

Letasi akaja na Mbugumbugu,
sufuria iliyomezwa na mwavuli.
Mpigaji ni mvua,
kazi yako wewe ni kushikilia na kulowa.
Inakataa kuchagua dhehebu,
maana mvua, alisema, hupiga bati la kanisa
na la msikiti kwa mkono uleule.
Bibi yake akakohoa, nusu onyo, nusu kicheko.

Mimi nilisema sina kichwa cha mambo hayo,
nina sare kumi na nne za kumaliza kabla ya Ijumaa.
Lakini mguu, mguu huu mjinga,
ulikuwa bado umekanyaga pedali iliyokufa.
Basi andikeni, nikasema: Marejesho.
Unaikanyaga mwezi mzima,
na ikifika tarehe tano
haliii ala, analia mwenye ala.
Inakataa kusahau.
Walicheka kuliko nilivyotaka wacheke.

Zamu ya Bibi tulimpigia kelele upande wa kushoto,
sikio la kulia lilishafunga duka.
Yangu, akasema, hupigwa na watu wawili.
Bua la jani la papai.
Mmoja anapuliza huku,
mwingine anauma ncha ya kule kwa meno,
anasikia kwa meno, wengine wote hawasikii kitu.
Inakataa mtu mmoja.

"Hiyo ipo, Bibi?"
"Ilikuwepo."

Kimya. Mshumaa ukatema nta.
Letasi akakuna kichwa kwa penseli,
hakimu aliyebanwa na sheria yake mwenyewe.
Kisha akapanda kiti, akaishusha adungu,
akaifuta vumbi kwa kitambaa cha sare (nilimwona, nikanyamaza),
akasimika penseli juu ya ngozi yake,
upande wa pili akamwekea Bibi mdomoni:
uma.

Edema akavuta uzi mnene.

Sijui niuelezeje uso wa mama mkwe wangu.
Miaka sita tumekuwa tukimpigia kelele kama mtu aliye ng'ambo ya Enyau.
Akafumba macho. Akainua kidole: tena.
Tena. Tena.
Mate yakamtiririka kwenye penseli, hakujali.
"Limelegea," akasema, penseli bado menoni,
"uzi wa tatu. Aliulegeza yeye. Nilimwambia."

Letasi akaandika: adungu, penseli, Bibi.
Haijawahi kuwepo. Imekubaliwa.
Jina akaacha wazi.

Na umeme ukarudi hapohapo, bila adabu,
redio ya jirani, friji, taa zote,
na mguu wangu ulikuwa palepale.
Cherehani ikaruka ikatimka,
ikashona mstari unaoyumba kama njia ya mbuzi
kutoka pindo hadi karibu na mfuko.

Wapo wanaojua kufumua.
Mimi pia najua.
Kuna mtoto wa darasa la nne
atakayeuliza kwa nini sketi yake imepinda pale,
na mama yake atakuja dukani kugomba,
nami nitampunguzia shilingi mia tano.